Kalkuleta ya Casio fx-991ES PLUS kwa mwanafunzi wa vipeuo: miezi minne tuko nayo nyumbani

Kalkuleta ya kwanza nilipigwa, nianze na hilo kabisa maana najua kuna mtu anasoma hii yuko ndani ya daladala anaelekea Kariakoo na hela mfukoni. Nje imeandikwa vizuri tu Casio, fx-991ES PLUS, ina kava lake la kuslaidi, muuzaji kaniambia "bosi hii ndo wanatumia mpaka chuo", nikatoa elfu 18 nikajiona mjanja wa mjini. Nafika nyumbani dogo anabonyeza kipeuo cha pili cha 72, inaleta 8.485281374. Akaniangalia. Kwenye daftari lake mwalimu kaandika 6√2.

"Bro, hii mashine haijui hesabu."

Kiukweli haikukosea, 6√2 na hiyo 8.485281374 ni kitu kilekile, shida ni kwamba mwalimu hataki desimali anataka jibu libaki kwenye kipeuo kilichorahisishwa, na 991ES PLUS halisi yenyewe inatakiwa ikupe 6√2 bila hata kuiomba. Ndo sababu yote ya kuinunua badala ya zile za kawaida. Nikahangaika na kila batani hamna kitu, kumbe nimeuziwa mashine ya zamani iliyovishwa koti jipya. Kurudi kesho yake yule jamaa hayupo, meza ipo ila anauza chaja za simu mtu mwingine. Basi.

Ya pili nilinunua stesheneri moja ya mjini kwa elfu 58, na safari hii sikutoa hela kabla ya kuandika kipeuo cha 72 palepale dukani. Ikaja 6√2. Hicho ndo kipimo changu na nawapa bure: ikileta desimali usianze kugomba, kuna setingi, bonyeza SHIFT halafu MODE, chagua MthIO, ikikuuliza tena chagua MathO, rudia. Ikiendelea kung'ang'ania desimali irudishe kwenye boksi uage vizuri.

Sasa mimi sio mwalimu, ni fundi aluminiamu, hesabu zangu ziliishia fomu fo 2012. Dogo yuko kidato cha pili na hapo ndo wanakutana na vipeo na vipeuo (herufi moja tu inavitenganisha, aliyeviita hivyo Mungu anamuona), na sehemu iliyomkaba koo ni kugawanya. Kujumlisha vipeuo alielewa, kuzidisha akaelewa, kufika kugawanya ikawa kama wamebadilisha lugha. Kwa hiyo hii rivyu ni ya hapo hapo, sijui lolote kuhusu hayo mambo mengine, kwenye boksi wameandika fankisheni 417 na mimi nikijitahidi sana nimegusa kumi na moja.

Kitu cha kwanza kitakachokuchanganya, na dogo kilimchanganya siku nzima, ni kile kishale. Ukibonyeza kipeuo inakuja alama na kimstari juu, unaandika namba ndani, na kasa yaani kile kialama kinachopepesa kinabaki humo humo ndani. Hakitoki mpaka ubonyeze mshale wa kulia. Dogo anataka √8 gawanya kwa √2, jibu ni 2, mtoto wa mtu anaandika haraka haraka bila mshale mashine inaelewa kipeuo cha (8 gawanya kwa √2) inaleta 2.37841423. Anakuja kulalamika mashine mbovu. Nikamwambia soma mstari wa juu ule uliouandika wewe, kimstari cha kipeuo kimeishia wapi? Kimefunika kila kitu. Ni kama kufunika sufuria mbili kwa mfuniko mmoja. Dawa yake tumia ile batani ya sehemu, ile yenye kiboksi juu na kiboksi chini, √8 iweke juu √2 iweke chini, hapo hata ukiwa na usingizi hukosei, na inaonekana vilevile kama kwenye daftari.

Ukishaizoea hiyo inakuwa raha. √48 juu ya √3 inakupa 4. √75 juu ya √12 inakupa 5 juu ya 2. 12 juu ya √18 inaleta 2√2. Na ile wanayoita kurashonalaizi, kukitoa kipeuo kwenye asili (ile namba ya chini ya sehemu), inaifanya yenyewe kimya kimya, ukiandika 6 juu ya √3 inarudisha 2√3, ukiandika 1 juu ya (√5 − √2) inarudisha √5 na √2 zimejumlishwa juu, chini 3. Nilijaribu na hii, (6 + √3) juu ya (2 − √3), ikaja 15 + 8√3 kabla sijaweka mashine mezani. Mimi kwa mkono ilinichukua nusu ukurasa na mara ya kwanza nilikosa alama ya kutoa.

Na hapo ndo tatizo langu lenyewe na hii mashine, na si kwamba ni mbovu, ni nzuri kupita kiasi. Wiki mbili za kwanza dogo akawa anapata yote. Mazoezi ya nyumbani tiki tiki tiki. Mama kafurahi kaniambia mwanangu umefanya jambo la maana. Mi nikawa na wasiwasi nikampa swali moja bila mashine, √18 gawanya kwa 3. Akaandika √6.

Hebu tukae hapo kidogo kwa sababu nadhani nusu ya watoto wanafanya hivyo. Kaona 18, kaona 3, kagawanya, sita, karudishia kofia ya kipeuo juu, kamaliza. Nikamwambia haya weka kwenye mashine. Mashine ikasema √2. Akaweka tena. √2. Sasa mashine imeshakwambia umekosa lakini haikwambii umekosa wapi, inakaa kimya inakuangalia tu. Yeye alikuwa tayari kufuta √6 aandike √2 tuendelee na maisha.

Nikachukua karatasi nikamchorea dirisha. Hii ni kazi yangu hii. Nikamwambia kuna mteja anataka dirisha la mraba, eneo lake futi za mraba 18, upande mmoja una urefu gani? Akafikiri akasema kipeuo cha 18. Sawa. Sasa mteja hataki kioo kimoja kikubwa anataka upande ugawanywe mara tatu, tupige fremu katikati, tatu kwa huku tatu kwa huku. Vioo vingapi? Akahesabu kwa kidole, tisa. Kila kioo eneo lake? 18 kwa 9, mbili. Upande wa kioo kimoja? Akanyamaza kidogo halafu akasema taratibu, kipeuo cha mbili. Ndo hiyo √18 gawanya kwa 3. Ile 3 iko nje, ni urefu, na 18 iko ndani, ni eneo, huwezi kuzigonganisha hivi hivi, ikitaka kuingia ndani lazima ivae nguo za ndani iwe 9, halafu 18 kwa 9 ni 2. Angekuwa na √18 gawanya kwa √3 hapo zote ziko ndani, zinagawanyika moja kwa moja, hiyo ndo √6 yake. Alikuwa amejibu swali la jirani.

Tangu siku ile tukaweka sheria ya nyumba. Mashine inakaa kwenye kabati la vyombo, anafanya swali lote kwa mkono mpaka mwisho, ndo anaenda kuitoa inakagua, wakikubaliana anaendelea, wakigombana anarudi kutafuta mstari gani umeharibika, na haruhusiwi kufuta jibu lake mpaka aupate. Kwa kazi hiyo ya kukagua, jamani, hii mashine haina mpinzani kwa bei hii. Imemshika na √(9 + 16) aliyoandika 7 kwa sababu katoa 3 kajumlisha na 4, mashine ikasema 5. Imemshika na yale ya kuzidisha chini akasahau juu. Tuisheni ya jirani huku kwetu ukilipia mwezi mmoja na hela ya madesa inakaribia hiyo elfu 58, na mwalimu wa tuisheni ana watoto arobaini hawezi kukaa anakagua kila mstari wa mwanao.

Kuna batani moja wengi hawaijui na kwangu ndo inayoilipia hela yake. Andika namba, bonyeza sawasawa, halafu SHIFT na ile batani ya digrii yenye vidukuduku, juu yake imeandikwa FACT. Inaivunja namba kwenye namba tasa. Andika 720 itakuletea 2 kipeo cha 4, mara 3 kipeo cha 2, mara 5. Sasa kurahisisha kipeuo kunakuwa mchezo wa kutafuta mapacha, kila pacha mbili zinatoa mmoja nje: 2 ziko nne zinatoka mbili, 3 ziko mbili inatoka moja, 5 iko peke yake inabaki ndani, 2 mara 2 mara 3 ni 12, jibu 12√5. Hapa sijali akitumia mashine maana njia bado ni yake, mashine imemkatia tu aluminiamu, kuunga anaunga mwenyewe. Na kwenye kugawanya ndo inasaidia zaidi, maana makosa mengi yanatokana na kukimbilia kugawanya vipeuo vikiwa bado vinene. √75 na √12 vikikaa hivyo vinatisha, ukivivunja kwanza vinakuwa 5√3 juu ya 2√3, √3 zinakatana zenyewe, limebaki 5 juu ya 2.

Mapungufu sasa, yapo, na mengine yameandikwa kwenye kile kikaratasi chake cha maelekezo ambacho hakuna mtu anakisoma.

Herufi hairahisishi. Swali kama √(18x³) gawanya kwa √(2x), jibu 3x tukichukulia x ni chanya, mashine haikupi 3x hata uilipe. Na ukiandika na X ukabonyeza sawasawa, X kama hujaipa namba ina sifuri, unakuwa umegawanya kwa sifuri inakurushia Math ERROR dogo anadhani kaiua. Ila kuna ujanja: andika hilo swali na X, bonyeza CALC, ipe X namba yoyote, sema 5, itakuletea 15, na 3 mara 5 ni 15, basi ujue jibu lako la 3x haliko mbali, jaribu na namba nyingine moja mbili ujiridhishe. Ni kukagua, sio kufanya.

Ya pili inachosha kidogo. Ikiwa kubwa inakata tamaa. Namba iliyo mbele ya kipeuo ikifika mia inaacha kuandika kipeuo inahamia desimali bila kukuaga, kwa hiyo 35√2 mara 3 ambayo wewe unaona wazi ni 105√2 yenyewe inakupa 148.492424. Halafu ya kuchekesha, 150√2 gawanya kwa 25 ni 6√2, namba ndogo kabisa, lakini kwa sababu ndani yake kuna 150 inakupa 8.485281374, ileile ya kalkuleta feki, siku dogo alipoiona alinikimbilia akasema bro tumeuziwa feki tena. Hapana. Na jibu lenye vitu zaidi ya viwili vya vipeuo haliandiki, √2 + √3 + √6 inaleta 5.595754113 kwa sababu ni vitatu tofauti havijumlishiki, lakini √2 + √3 + √8 inaandika vizuri kwa kuwa √8 ni 2√2 inaungana na mwenzake vinabaki viwili. Vipeuo vya tatu navyo usitegemee, ni desimali tu. Kwa mtoto wa kidato cha pili haya yote yanamkuta mara chache ila yakimkuta yanamvuruga, mwambie mapema.

La tatu sio kosa la mashine. Miaka yetu sisi kwenye mtihani wa Basic Mathematics kalkuleta ilikuwa haingii, unaingia na kile kitabu cha majedwali ya namba, four figure, basi, mkuu wa shule alikuwa anatupekua mlangoni kama uwanja wa ndege. Nyie wazazi muulize shuleni kwa mwanenu utaratibu wa sasa ukoje kabla hamjamzoesha mtoto mashine, maana aliyezoea kubonyeza ukimnyang'anya siku ya mtihani anakuwa kama fundi aliyesahau tepu nyumbani. Na ni kitabu kile cha four figure ndo kilinifanya nielewe, miaka kumi na kitu baadaye, kwa nini walimu wanasumbua watu kutoa kipeuo kwenye asili. Chukua 1 juu ya √2. Kwenye jedwali √2 ni 1.414. Haya gawanya 1 kwa 1.414 kwa mkono, utatoka jasho. Sasa igeuze iwe √2 juu ya 2, unagawanya 1.414 kwa 2, hata mama wa mboga anakujibu hajashusha fungu, 0.707. Namba ni ileile ila kazi mbinguni na ardhi. Dogo nilipomwonyesha hivyo akasema kumbe haikuwa uchawi, mi nilidhani ni sheria tu.

Binamu yangu yuko Mombasa nilimuuliza, kwao kalkuleta inaruhusiwa kwenye KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, ilimradi sio ya kuprogramu na haipigi kelele, na hii haina programu. Lakini anasema kuna maswali wanaandika kabisa usitumie kalkuleta wala majedwali, na vipeuo ndo nyumbani kwake, wanataka uache jibu kwenye a + b√c na wanahesabu maksi kwenye hatua. Wao wanasoma fomu thrii wanaviita saadi (surds kwa kiingereza), neno limetoka kilatini maana yake kiziwi, na kilatini nao walitafsiri tu kiarabu, asamm, kiziwi vilevile. Niliposikia hivyo nikaikumbuka ile mashine yangu ya elfu 18, hiyo ndo ilikuwa kiziwi kweli.

Kuhusu mwili wake, ni nyepesi, kava linabana vizuri, ina sola pale juu na kibetri kidogo kama cha saa, LR44, mpaka sasa hatujakibadilisha. Ilishadondoka kutoka kwenye meza ya kulia mara mbili kwenye sakafu ya saruji, imepata mkwaruzo kona moja inafanya kazi. Batani hazijafutika maandishi, ile feki maandishi ya namba 5 yalishaanza kuondoka wiki ya kwanza. Skrini kwenye jua kali inaonekana vizuri kuliko ya simu yangu. Ukiivuruga setingi usijue ulipofika, SHIFT, 9, halafu 3, halafu sawasawa na AC, inarudi ilivyotoka kiwandani, ila itakufutia na ulivyohifadhi.

Kama una hela zaidi kuna 991EX, skrini yake ina maandishi mazuri zaidi. Mi kwa vipeuo vya kidato cha pili sioni kwa nini uongeze hela. Na ukipewa 82MS ile ya mistari miwili usiseme umeonewa, ni nzuri kwa kazi nyingine, ila kwa vipeuo itakupa desimali tu na hutajua kama √50 juu ya √8 imetoka 2.5 kwa akili yako au yake.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kile kimshale cha kutokea ndani ya kipeuo, kimenigharimu Jumamosi nzima.

Anayelalamika ni mama peke yake. Anaiazima Jumapili kwa hesabu za kikoba, na hii mashine ukiiandikia 50,000 gawanya kwa 3 inakujibu 50,000 juu ya 3, sehemu, kwa sababu ndo tabia yake haitoi desimali mpaka uiambie. Mama kaniita jikoni mbele ya wenzake, "we mwanangu, nimeiuliza mashine swali imenirudishia swali langu." Nikapaka rangi nyekundu ya kucha ya dada kwenye batani ya S⇔D nikamwambia mama ikikurudishia bonyeza hapo. Sasa anabonyeza mwenyewe, ila kabla ya kubonyeza lazima aiseme kwanza.